Frank Odoi: Mchoraji Aliyezipa Ngano Misuli

Frank Odoi alizaliwa mwaka 1948 huko Tarkwa, mji wa machimbo ya dhahabu magharibi mwa Ghana. Mtu wa Kakamega akisikia hivyo hutega sikio, kwa sababu nasi tuna dhahabu yetu. Iligunduliwa mwaka 1931, wazungu wakamiminika na mahema yao, mgodi wa Rosterman ukavuma hadi ulipofungwa mwaka 1952, na mpaka leo vijana na akina mama wa Ikolomani wanashuka mashimoni na kuosha mchanga kwa karai. Miji ya namna hii huwa na visa vingi kuliko dhahabu yenyewe. Watu wanaochimba ardhi wasiyoiona ndani yake hawakosi la kusimulia kuhusu wenye ardhi hiyo wasioonekana.

Kwa hiyo simshangai kijana wa Tarkwa aliyekuja kuwa mchoraji wa miujiza. Kinachonishangaza ni kwamba miujiza hiyo aliichorea Kenya. Odoi alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, akachora katuni katika magazeti makubwa ya huku, akawa mwenyeji, na alipofariki kwa ajali ya matatu jijini Jumamosi, tarehe 21 Aprili 2012, wengi waliomlilia walikuwa wamesahau kwamba alikuwa mgeni. Alichora siasa kama wenzake wote; waheshimiwa matumbo yaliwatoka, raia mifuko ikamning'inia. Lakini siasa za mwaka fulani huzeeka pamoja na mwaka huo. Kazi yake iliyobaki hai vichwani mwa watu ni hadithi za vibonzo, na juu ya zote ni Akokhan.

Msomaji wa rika la chini huenda hajamwona. Akokhan na hasimu wake Tonkazan ni wanaume wawili wenye nguvu zipitazo za binadamu, na uhasama wao unavuka vizazi. Hadithi inachota katika visasili vya Afrika Magharibi alikotoka Odoi: ulimwengu ambamo nguvu ya mtu hutoka kwa wahenga na kwenye hirizi, na ambamo kosa la jana halifi bali hubadilisha sura na kurudi. Huku kwetu filamu nyingi zimetuzoesha kumwona mganga kama tapeli mwenye usinga na chungu, mtu wa kuchekesha watazamaji kabla ya mchungaji kuingia na kumshinda. Odoi hakumchekea. Aliichora nguvu hiyo kama jambo zito lenye kanuni zake na gharama zake, na akampa shujaa wake mwili wa kuibeba: mabega mapana, shingo nene, jicho linalokutazama kama linakudai.

Hilo ndilo deni letu kwake, nami nalitaja mapema ili msomaji asilitafute. Odoi alimfanya Mkenya wa kawaida, anayenunua gazeti ili ajue bei ya mafuta na nani amehamia chama gani, afungue ukurasa wa vibonzo akiwa na hamu ya kujua kama mzimu wa Kiafrika utashinda au utashindwa. Si kama kioja, wala si kama ushamba wa kufichwa wageni wakija. Kama hadithi ya kusubiriwa.

Kuelewa uzito wa jambo hilo, kumbuka alichokikuta. Kenya ilikuwa na katuni zake na ilizipenda. Katika Taifa Leo alikuwamo Juha Kalulu wa Edward Gitau, bwege mpendwa aliyetuchekesha kwa miongo mingi. Jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, lilikuwa la mtu wa mjini asiye na kitu, anayecheka ili asilie. Kwa wapenda mapambano, kulikuwa na vitabu vya picha za kamera vya Lance Spearman, yule Spear mwenye kofia na sigara, mpelelezi mweusi aliyevuma Afrika nzima miaka ya 1960 na 1970 ingawa jikoni kwake kulikuwa Afrika Kusini. Halafu mapema miaka ya 1980 Hirst akaanzisha mfululizo wa Pichadithi, vijitabu vilivyozigeuza ngano za Kenya kuwa michoro. Humo Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe na udhaifu wake kivulini, alipata sura.

Namheshimu sana Hirst. Mwingereza yule aliyefundisha sanaa katika chuo cha Kenyatta aliipenda nchi hii na akaichora kwa jicho la mtu anayeijali. Ila kuna tofauti kati ya kuichora ngano na kuiendeleza. Anayeichora ngano anaipokea ikiwa imekamilika, mwanzo na mwisho vinajulikana, na kazi yake ni kuhifadhi. Odoi hakuhifadhi. Alichukua malighafi ya visasili, akaunda watu wake mwenyewe wenye majina ambayo bibi wa mtu yeyote hakuwahi kuyataja, akawatia katika ugomvi ambao mwisho wake haukujulikana na yeyote isipokuwa yeye. Ndiyo maana hukuweza kumwambia mwanao "mimi naijua hii". Baba na mtoto walikuwa sawa mbele ya Akokhan. Wote walisubiri toleo lijalo.

Na kusubiri huko kulikuwa ufundi. Hadithi ya gazetini ina masharti magumu kuliko ya kitabu. Mchoraji anapewa ukanda mwembamba wa karatasi, visanduku vitatu au vinne, na katika nafasi hiyo lazima amkumbushe msomaji aliyekosa gazeti la mara ya mwisho, asimchoshe aliyelisoma, asogeze kisa mbele, na kisanduku cha mwisho kimwache mtu akiwa amening'inia. Achore kwa wino, kwa ukubwa unaozidi ule wa kuchapishwa, akijua kwamba mtambo utapunguza mchoro na kuufanya mstari mwembamba upotee. Karatasi ya gazeti nayo hunywa wino. Mchoraji wa vichekesho anaweza kupona kwa mistari michache na mzaha mzuri. Mchoraji wa maajabu hawezi, kwani lazima usadiki kwamba mtu amepaa, kwamba kiwiliwili kimegeuka, kwamba kitu kisichoonekana kimeingia chumbani. Rangi pekee anazozitegemea ni nyeusi ya wino na nyeupe ya karatasi.

Hapo ndipo mkono wa Odoi ulipojulikana. Alikuwa mtu wa vivuli. Aliujenga mwili kwa mistari mingi ya wino iliyopishana hadi ukaonekana una uzito, kisha akauacha mwanga upige upande mmoja tu. Mavazi yake yana mikunjo, silaha zake zimeshikwa na mikono inayojua kuzishika. Ukimwangalia shujaa wake ardhini amekanyaga kweli, na kwa sababu amekanyaga kweli unakubali anapoiacha ardhi. Wachoraji wengi chipukizi ninaowaona siku hizi wanaanza na mbawa na ngurumo, nyayo wanazisahau.

Kisha kulikuwa na Golgoti. Hii ilikuwa ya kucheka, lakini kicheko chake kina mwiba. Golgoti ni mzungu aliyejikuta katika Afrika ya zamani, na mambo yamegeuzwa: yeye ndiye kioja, yeye ndiye asiyejua mila wala kinachoendelea, na wenyeji ndio wanaomtazama wakitikisa kichwa. Tulilelewa na hadithi za wapelelezi na wamisionari waliotugundua tukiwa tumeketi nyumbani kwetu. Odoi hakuandika tasnifu kuzijibu. Alimleta mzungu mmoja kijijini, akamwacha ahangaike. Nadhani Golgoti na Akokhan ni kazi moja iliyokatwa vipande viwili. Mmoja anaondoa macho ya mgeni yaliyotuzoesha kujitazama kwa dharau. Mwingine anaonyesha tunachoweza kukiona macho hayo yakishaondoka.

Hapa inafaa kumtaja mgeni mwingine, wa karatasi. Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa toleo jipya la X-Men lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, na ndani yake akatokea mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe aitwaye Ororo, maarufu kwa jina la Storm. Tunapokutana naye kwa mara ya kwanza yuko Kenya, wanakijiji wamemsujudia kama mungu wa kike, naye anawaletea mvua. Ulimwengu mzima unamjua. Sinema zimemfanya tajiri zaidi. Lakini mwite mzee yeyote wa Bunyore, mwendo mfupi kutoka hapa, eneo ambalo kabla ya Vihiga kupewa wilaya yake lilikuwa chini ya Kakamega, umwambie kwamba Wamarekani wamebuni Mkenya wa kuleta mvua. Atakuuliza ni wa mlango gani. Wanyore wana ukoo wa Nganyi, wanaojulikana kwa vizazi vingi kama wenye mvua, wanaosoma dalili za miti, ndege na wadudu katika misitu yao mitakatifu. Hata wataalamu wa serikali wa hali ya hewa wamewahi kuketi nao kulinganisha utabiri. Mvua yao ina majina, ina miiko, ina wapinzani, ina ada. Ororo hana hata shangazi kijijini.

Simlaumu Cockrum. Alichora vizuri alichokiwazia kutoka mbali. Ninachosema ni kwamba Odoi alijua jambo ambalo Marvel haikuweza kulijua: uwezo wa kimiujiza Afrika hauji kwa ajali ya maabara wala kwa damu iliyobadilika. Unarithiwa, unakabidhiwa, unanunuliwa kwa kitu kichungu, na daima kuna jamaa anayeona kwamba ungepaswa kuwa wake. Ugomvi wa Akokhan na Tonkazan unasomeka hivyo. Ni ugomvi wa watu wanaojuana.

Kazi nyingi za Odoi zimekwenda wapi? Swali hili linauma. Gazeti la Kenya lina maisha marefu kuliko siku moja, lakini si maisha ya heshima. Likishasomwa na mwenye nalo, na kinyozi, na wateja wa kinyozi, linaishia kufunga maandazi sokoni au kubandikwa ukutani kuzuia baridi. Kuna nyumba Magharibi hii ambamo watoto walijifunza kusoma wakiwa wamelala kitandani wakitazama ukuta. Kipande cha Akokhan kilichobandikwa kichwa chini hakikuwa jambo la ajabu, na aliyetaka kukisoma aligeuza shingo. Huo ulikuwa usambazaji mzuri kuliko wa maduka ya vitabu, ila hauachi nakala. Ambaye leo anataka kuisoma Akokhan mfululizo, kuanzia kisanduku cha kwanza, atahangaika sana Kenya. Huko Finland hadithi hiyo ilichapishwa kwa Kifini. BBC nayo iliwahi kumpa Odoi nafasi katika jarida lake la Focus on Africa. Mtoto wa Helsinki alipata njia rahisi ya kumfikia shujaa wetu kuliko mtoto wa Shinyalu hapa Kakamega, na sioni aibu kuliita jambo hilo kwa jina lake: uzembe wa wachapishaji wetu.

Uhusiano na Finland haukuishia kwenye kuchapishwa. Odoi alishirikiana na Leif Packalén wa shirika la World Comics Finland, na mwaka 1999 wawili hao wakatoa kitabu cha mwongozo, Comics with an Attitude, kuhusu kutumia vibonzo kupasha watu habari za afya, haki na maendeleo. Kitaalamu ni kitabu kikavu kidogo, kama vitabu vyote vilivyolipiwa na wizara. Lakini njia iliyokuzwa na kundi hilo ni ya kusisimua, na imetembea Tanzania, Msumbiji, India na kwingineko. Unachukua karatasi mbili za kawaida za A4, unaziunganisha kwa gundi ziwe bango moja, unaligawa visanduku vinne. Cha kwanza kinaleta mhusika na tatizo lake, cha pili na cha tatu vinalikuza na kuligeuza, cha nne kinafunga. Unapiga nakala kwa mashine ya kawaida, unabandika kwenye mti, kwenye ukuta wa zahanati, nje ya ofisi ya chifu. Mchoraji si lazima awe fundi. Anayeijua shida ndiye anayeichora, na mkono ukitetemeka, utetemeke.

Mtu aliyeweza kuchora misuli kama Odoi angeweza kuilinda fani yake kwa wivu. Yeye alishiriki kuifungulia milango kwa watu wasiojua kuchora sikio. Naona ukarimu humo, na pia akili: fani isiyo na wasomaji waliowahi kushika kalamu haidumu.

Je, imedumu? Kwa sura nyingine, ndiyo. Mwaka 2010 jarida la bure la Shujaaz lilianza kusambazwa pamoja na gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, likizungumza Sheng, na mhusika wake mkuu, DJ Boyie, akateka vijana wa nchi nzima. Mwaka 2012 likashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kampuni ya Leti Arts, ya Mghana Eyram Tawia na Mkenya Wesley Kirinya, imetengeneza michezo ya simu na vibonzo vya mashujaa wa visasili vya Afrika. Sijui kama waliwahi kuhesabu kwamba Ghana na Kenya zilishaungana kwa njia hiyo ndani ya mtu mmoja. Kampuni ya Kugali, yenye mwanzilishi mmoja kutoka Uganda, ilitoa mfululizo wa katuni wa Iwájú pamoja na Disney mwaka 2024. Wote hao wanafanya kazi kwa kompyuta, kwa rangi, kwa bajeti ambazo Odoi hakuziota. Kwa mkono, hata hivyo, bado simwoni aliyemfikia. Hiyo ni hukumu yangu, na anayeipinga alete ukurasa tuutazame.

Vijana wa hapa Kakamega wanaochora, nao wapo, wengine kwenye simu na wengine nyuma ya madaftari ya chuo kikuu cha Masinde Muliro, wengi wanachora wapiganaji wa Kijapani wenye nywele za miiba. Wanachora vizuri. Siwezi kumwambia mtu aache anachokipenda. Ila huwa nawatajia kilicho karibu. Pale Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, limesimama Jiwe la Kulia, Ikhonga Murwi, nguzo ya mwamba ya karibu mita 40 iliyobeba jabali kichwani, maji yakitiririka mashavuni hata wakati wa kiangazi. Msitu wa Kakamega ndio kipande cha mwisho nchini cha ule msitu mkubwa wa mvua uliotoka Kongo, na giza lake la saa tisa mchana halihitaji kubuniwa. Amanani, lile zimwi la ngano za Waluhya ambalo kila kukhu, yaani bibi, alikuwa na sauti yake ya kuliigiza, mpaka leo halina sura moja inayokubalika. Ni nafasi tupu inayomngoja mwenye wino.

Na kuna Mango. Majirani zetu Wabukusu wanasimulia kwamba joka liitwalo Yabebe lilikuwa likimaliza watu, na kwamba majirani wa upande wa mlima, waliokuwa wakitahiri, walimcheka Mango kwa kuwa hajatahiriwa. Akawaambia: nikiliua, mtanitahiri? Akaenda kwenye pango la Mwiala joka likiwa halipo, akajificha ndani na upanga wake, na liliporudi na kuanza kuingia akalikata kichwa. Husimuliwa kwamba kichwa kilichokatwa kiliruka, kikauma mti, na mti ukakauka papo hapo. Mango akatahiriwa, na wimbo wa sioyaye unaoimbwa kila mwaka wa tohara unarejea siku hiyo.

Tuichukue kanuni ya visanduku vinne. Cha kwanza ni cheko la majirani. Hapo pana aibu, na bila aibu hakuna shujaa. Cha pili ni giza la pango, mtu amechuchumaa, huoni uso wake ila ukingo wa upanga. Cha tatu watu wengi watakipoteza kwa kuchora damu. Mimi ningechora mti ule ukipukutisha majani, na kichwa cha joka kikiwa kimeng'ata shina, ili msomaji apime mwenyewe sumu iliyomkosa Mango kwa inchi chache. Cha nne ndicho kigumu. Wengi wangemchora Mango akiwa juu ya mzoga, mkono angani, kama mabango ya sinema. Kisa chenyewe hakiishii hapo. Kinaishia kwa mtu aliyeshinda joka kusimama bila kupepesa mbele ya ngariba, na ngariba huyo anatoka upande wa waliomcheka. Ningemweka ngariba mbele, kisu kikiwa kimeinuliwa, na jicho lake lionyeshe kwamba safari hii anayeogopa ni yeye.